Makaa ya Mawe Yaliumbwa Siku ya Ngapi?



Leo naanza na kosa langu. Mwaka juzi nilikuwa kwenye kazi ya kichungaji katika parokia moja mkoani Ruvuma, pembeni ya barabara wanayopita malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga. Jumamosi moja nilikuwa nafundisha vijana sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo. Nje lori likapita, madirisha yakatetemeka. Kijana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono.

"Frateri, samahani. Hayo makaa yanayopita hapo nje, Mungu aliyaumba siku ya ngapi?"

Wenzake wakacheka. Mimi nina digrii ya falsafa, nimesoma Aristotle na Mtakatifu Thomas wa Akwino, lakini swali lile lilinikuta sina kitu mfukoni. Badala ya kusema ukweli, nikajifanya mjanja: "Siku ya tatu, pamoja na nchi kavu. Na wewe usituletee ubishi kwenye Neno la Mungu." Wakacheka zaidi. Yule kijana akakaa chini, akainamia daftari lake.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Nilipokutana na mama yake baada ya Misa nikamuulizia, akaniambia kwa upole, "Frateri, mwanangu anasema huko kwenu maswali hayatakiwi."

Jamani, sentensi ile ilinikaa kifuani. Nilirudi seminarini nayo. Somo la leo ndilo jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile, na nilichelewa kama mwaka mzima kulipata.

1. Kipande cha kahawia

Mmoja wa mapadre walezi wetu alisoma Ujerumani, karibu na jiji la Köln. Mezani kwake ana kipande cha kitu cheusi chenye ukahawia, ukubwa wa sabuni ya kufulia. Nilipomsimulia habari ya yule kijana, hakunihubiria. Alinipa kile kipande nikishike.

Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Pembeni mwake zilionekana nyuzi, kama zile unazoziona ukipasua kuni. "Ni mti?" nikauliza. "Ulikuwa mti," akasema. "Sasa ni lignaiti. Wajerumani wanayaita makaa ya kahawia."

Jina lignaiti limetoka kwenye neno la Kilatini lignum, maana yake mti au ubao. Ni neno lile lile ambalo liturujia ya Kilatini hutumia Ijumaa Kuu kwa mti wa msalaba. Kwa hiyo jina lenyewe tayari linakuambia asili yake: haya ni makaa ambayo bado hayajasahau kwamba yalikuwa miti.

2. Msitu uliosimama majini

Sasa twende pale kile kipande kilipotoka. Magharibi mwa Köln, kando ya mto Rhein, kuna bonde pana ambalo chini yake kuna tabaka la lignaiti ambalo mahali pengine unene wake unafika mita 100. Lilijengeka katika kipindi kinachoitwa Miosini, miaka kama milioni 15 iliyopita. Ulaya ya wakati ule ilikuwa na joto kuliko ya leo. Pale palikuwa na vinamasi vikubwa karibu na pwani ya bahari, vyenye miti jamii ya msaipresi inayopenda kusimama majini, ile wataalamu wanayoiita Taxodium, pamoja na jamaa za ile miti mirefu sana ya California, na hata mitende. Tunajuaje? Visiki, mbegu, majani na chavua za miti hiyo zimo ndani ya makaa hadi leo.

Hebu fikiria mti ukianguka shambani kwenu. Mchwa wataula, fangasi wataula, mvua na jua vitamalizia, na baada ya miaka michache hakuna mti tena. Kaboni yote iliyokuwa ndani yake imerudi hewani.

Mti ukianguka kwenye kinamasi, habari ni nyingine. Unazama kwenye maji yaliyotuama. Maji hayo yana oksijeni kidogo sana, na chini kidogo tu oksijeni inakwisha kabisa. Fangasi wenye uwezo wa kuozesha ile sehemu ngumu ya mti, inayoitwa lignini, wanahitaji hewa. Wakikosa hewa, kazi inasimama. Zaidi ya hapo, maji ya kinamasi huwa na asidi, na bakteria wengi hawaipendi. Basi mti unaoza nusu nusu tu. Majani, matawi na mizizi vinarundikana juu yake kabla haujamalizika. Rundo hilo la mimea isiyokamilika kuoza, lililolowa maji, ndiyo mboji ya kinamasi, na ndiyo hatua ya kwanza ya makaa yoyote.

Kama umewahi kumwona mtu akichoma mkaa, utanielewa haraka. Anafunika tanuri kwa udongo ili hewa isiingie, maana hewa ikiingia atapata majivu. Kinamasi nacho kinaizuia hewa, ila kwa maji, bila moto, na kwa muda mrefu sana.

Wala usidhani hili ni jambo la zamani tu. Katika bonde la mto Kongo, kwenye nchi mbili za Kongo, mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba wamepima eneo la mboji ya kinamasi la kilomita za mraba zipatazo 145,000, chini ya msitu uliojaa maji. Mahali pengine mboji hiyo ina kina cha zaidi ya mita 5. Maana yake, hatua ya kwanza ya makaa ya mawe inaendelea leo hii, hapa hapa Afrika.

3. Hesabu ya mfalme Daudi

Hapa ndipo nilipoanza kupata kizunguzungu. Mboji ya kinamasi huongezeka taratibu sana, kwa makisio ya kawaida kama milimita 1 kwa mwaka. Ni pungufu ya unene wa sarafu. Halafu ikifunikwa na kugandamizwa inasinyaa: ili upate mita 1 ya lignaiti, unahitaji kama mita 3 za mboji.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mita 3 ni milimita 3,000. Kwa milimita 1 kila mwaka, hiyo ni miaka 3,000. Mfalme Daudi alitawala kama miaka 1,000 kabla ya Kristo. Kwa hiyo mita moja tu ya lignaiti, kitu kinachokufika kiunoni, ni muda wote kutoka kwa Daudi hadi leo unaposoma hapa. Na kule Rhein kuna mahali zipo mita 100. Hiyo ni miaka kama 300,000 ya majani kuanguka majini.

Utauliza: kinamasi kiliwezaje kubaki kinamasi muda wote huo? Si kingejaa na kuwa nchi kavu? Jibu ni kwamba ardhi yenyewe ilikuwa inadidimia polepole. Bonde lile ni la ufa, ndugu mdogo wa Bonde letu la Ufa la Afrika Mashariki. Kadiri mboji ilivyopanda, ndivyo sakafu ilivyoshuka, na vitu hivi viwili vikaenda karibu sawasawa. Sakafu ingeshuka haraka mno, maji yangekuwa ya kina na miti ingekufa. Ingeshuka polepole mno, kinamasi kingekauka na mboji ingeoza. Mara nyingine bahari ilisogea na kuleta mchanga, mara nyingine mito ilileta udongo wa mfinyanzi. Hayo yote yameandikwa kwenye matabaka.

Hatimaye mchanga na mfinyanzi vilifunika mboji kabisa. Uzito wa juu ukakamua maji. Joto la chini ya ardhi likafanya kazi yake. Gesi kama kabonidioksidi na methani zikatoka, na kilichobaki kikawa na kaboni zaidi na zaidi. Mti mkavu una kaboni kama asilimia 50. Lignaiti, ukiondoa maji na majivu, inafika kama asilimia 65 hadi 75. Lakini ikichimbwa, karibu nusu ya uzito wake bado ni maji. Ndiyo maana ni makaa duni kwa joto.

4. Askofu aliyesoma mawe

Nani alitufundisha kusoma matabaka? Hapa nilicheka peke yangu maktaba. Mmoja wa waanzilishi wa elimu hii ni askofu Mkatoliki! Anaitwa Nicolas Steno, mzaliwa wa Copenhagen, Denmark, mwaka 1638. Alikuwa daktari na mchunguzi wa miili. Mwaka 1666 akiwa Florence, Italia, aliletewa kichwa cha papa mkubwa akipasue. Akaona meno ya papa yanafanana kabisa na mawe fulani ambayo watu waliyaokota milimani. Akajiuliza: kitu kigumu kimeingiaje ndani ya kitu kigumu kingine?

Mwaka 1669 alichapa kitabu chenye jibu. Matabaka ya miamba yaliwahi kuwa mashapo laini yaliyotulia majini, moja juu ya jingine. Kwa hiyo, kama hayajavurugwa, la chini ni la zamani kuliko la juu. Kwetu linaonekana jambo rahisi. Ni kama rundo la magazeti: la juzi liko chini, la leo liko juu. Lakini juu ya wazo hilo ndipo jiolojia nzima imesimama.

Steno alijiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1667, akawa padre mwaka 1675, askofu mwaka 1677, na akafa maskini mwaka 1686 huko Ujerumani kaskazini. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri mwaka 1988. Swali lake kuhusu meno ya papa halikumfukuza kanisani. Lilimkuta njiani akija.

5. Basi, siku ya ngapi?

Likizo iliyopita nilimwomba padre mlezi kile kipande, nikapanda basi hadi Ruvuma. Nilimkuta kijana nyumbani kwao, sasa yuko kidato cha nne, anapukuchua mahindi na bibi yake. Nikamsalimia bibi shikamoo, nikakaa kwenye gunia, nikamwambia kijana mbele ya bibi yake: "Siku ile nilikujibu vibaya. Nilikuwa sijui, nikaona aibu. Naomba unisamehe."

Hakujibu kitu. Nikampa kipande. Akakigeuza, akakinusa, akakikwangua kwa ukucha. Ndipo nikamweleza haya niliyowaeleza ninyi, tukipukuchua wote watatu.

Nilimwambia hivi. Mwanzo sura ya kwanza haijibu swali la "miaka mingapi". Inajibu swali la "nani, na kwa nini". Mtakatifu Augustino, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, kabla hakuna mtu yeyote aliyechimba lignaiti kwa mashine, alikwisha kuona kwamba jua linatajwa siku ya nne, akajiuliza hizo siku tatu za kwanza zilikuwa siku za namna gani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kwenye namba 337, inasema wazi kwamba Maandiko yanaileta kazi ya Muumba kwa mfano wa wiki ya siku sita. Kwa hiyo anayekuambia uchague kati ya Mungu na mwalimu wako wa jiografia, amekupa mtihani ambao Kanisa halikuutunga.

Bibi akaingilia: "Kwa hiyo makaa yametengenezwa na kinamasi, si Mungu?"

Swali zuri kuliko yote, na hapo falsafa yangu ikafaa kidogo. Nikamuuliza, "Bibi, ugali wa jana nani aliupika? Wewe au moto?" Akacheka. "Mimi. Na moto." Ndivyo Mtakatifu Thomas anavyofundisha: Mungu ni sababu ya kwanza, na anavipa viumbe heshima ya kuwa sababu kweli kweli. Moto unaivisha kweli, na kinamasi kinahifadhi kweli. Mungu hashindani na kinamasi, wala hasubiri mahali ambapo sayansi imeshindwa ndipo ajipenyeze. Anakifanya kinamasi kiwepo na kifanye kazi yake, kila dakika ya hiyo miaka 300,000.

Hapo kijana akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Sasa na haya yetu ya Ngaka, yalikuwa miti ya namna hii?"

Nikamwambia hapana, na hapo ndipo macho yake yalipong'aa. Makaa ya Ngaka ni ya kipindi cha Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla hata ya dinosaria. Wakati ule Afrika ilikuwa imeshikana na India, Australia, Antaktika na Amerika ya Kusini katika bara moja, na mimea mikuu ya vinamasi vyake ilikuwa jamii iitwayo Glossopteris, ambayo imetoweka kabisa duniani. Makaa hayo yamezikwa muda mrefu zaidi na yamepata joto na mgandamizo zaidi, ndiyo maana ni meusi, magumu na yana nguvu kuliko ya Rhein. Lignaiti ni kama mtoto wa shule ya msingi, na ya Ngaka yamekwisha kupita darasa hilo.

6. Kanisa lililobomolewa

Kuna jambo moja la mwisho, na si tamu. Kule Rhein lignaiti huchimbwa kwa mashine zinazoitwa ndoo za gurudumu. Kubwa kabisa ina urefu wa mita 96 kwenda juu, na kwa siku moja inaweza kuhamisha mita za ujazo 240,000 za udongo au makaa. Ili kuyafikia makaa, vijiji vizima vimehamishwa. Katika kijiji cha Immerath palikuwa na kanisa Katoliki la Mtakatifu Lamberti, lenye minara miwili, lililojengwa kati ya 1888 na 1891. Misa ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Januari 2018 lilibomolewa, ili mgodi upite.

Padre wetu aliwahi kusali humo akiwa mwanafunzi. Aliponisimulia hakulaani mtu. Alisema tu kwamba watu walihitaji umeme, wengine walihitaji ajira, na wengine walikuwa wamebatizwa pale. Yote ni kweli kwa pamoja.

Lakini angalia hesabu zetu tena. Kaboni ambayo kinamasi kiliitoa hewani kwa miaka 3,000, mashine na tanuri vinairudisha hewani kwa muda mfupi mno. Na kwa kuwa lignaiti ina maji mengi, inatoa kabonidioksidi nyingi zaidi kwa kila uniti ya umeme kuliko makaa meusi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, aliandika kwamba teknolojia zinazotegemea nishati hizi, hasa makaa, zinapaswa kuachwa hatua kwa hatua bila kuchelewa. Ujerumani yenyewe imeweka sheria ya kuacha makaa ifikapo 2038, na upande wa Rhein tarehe imesogezwa hadi 2030. Sisi huku tuna makaa, tuna vijana wasio na kazi, na misitu inaisha kwa mkaa wa kupikia. Siwaletei jibu rahisi. Nawaombeni tu mjue kitu kilichomo ndani ya lile lori kilichukua muda gani kutengenezwa, kabla hamjasema ni mali ya kumaliza.

Maswali ya kujitafakari

1. Ni swali gani kuhusu imani umelificha kwa kuogopa kuchekwa? Ungempelekea nani?
2. Je, umewahi kumnyamazisha mtu kwa sababu wewe mwenyewe hukuwa na jibu? Unaweza kurudi kwake wiki hii?
3. Kitu gani unakitumia kila siku bila kufikiri kilichukua muda gani kuwepo?

Mtaniuliza habari za yule kijana. Jumapili ile alikuja Misa ya pili, akasimama nyuma karibu na mlango. Kwenye mafundisho ya Jumamosi bado hajarudi, na sijamlazimisha. Kile kipande cha lignaiti nilimwachia. Padre mlezi aliponiuliza kiko wapi nilimweleza, akasema, "Vizuri. Kimefika kazini."

Mwombeeni, na mniombee na mimi.

Wenu katika Kristo,
Frateri